Vikombe Vinane vya Chai

"Mama mdogo, hapa natumia kipimo kipi?"

Binti wa dada yangu aliniuliza hivyo hata koti hajavua. Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia na ile mvua nyembamba ya London haikatiki. Alikuwa ametembea kutoka stesheni ya Queensbury, laptopu kaifunga kwenye mfuko wa nailoni kama tulivyokuwa tukifunga madaftari Muheza wakati wa masika. Anasomea uuguzi, na muhula huu amekutana na somo la takwimu.

Akatandaza mezani karatasi waliyopewa darasani, yenye visanduku na mishale, imefanana kabisa na ramani ya treni za chini ya ardhi. Mahali pa Kingsbury na Wembley Park, vituo vinaitwa kipimo cha t, kai-skwea, ANOVA, Wilcoxon, Mann-Whitney. Ukijibu ndiyo unapinda kulia, ukijibu siyo unapinda kushoto. Alikwisha kujaribu vipimo vitano juu ya namba zilezile, maana programu haimkatalii mtu. Ukibonyeza, jibu linatoka.

"Kimoja kimetoa 0.04, chini ya ule mpaka wa 0.05," akasema. "Si ndicho hicho?"

Nilifundisha hisabati sekondari huko Tanga miaka kumi na mmoja kabla ya kuja huku. Sasa kila Jumamosi wanafunzi wa uuguzi na ukunga huja mezani kwangu, wengi wao watu wazima waliotoka Mombasa, Bukavu na Dar es Salaam, waliokesha wodini usiku uliopita. Wote huanza na swali hilo la binti. Si kwamba hesabu imewashinda. Wamekabidhiwa funguo nyingi kabla ya kuonyeshwa mlango.

"Funga laptopu kwanza," nikamwambia. "Niambie kwa maneno matupu, mwanangu. Mliuliza nini?"

Lilikuwa zoezi la darasani. Watu 12 wenye presha ya kupanda wanapimwa, wanatembea nusu saa kila siku kwa wiki nane, kisha wanapimwa tena. Je, presha imebadilika? Yeye alichukua namba 12 za mwanzo na 12 za mwisho, akazitia kwenye kipimo cha t cha makundi mawili yasiyohusiana, kana kwamba waliopimwa mara ya pili ni watu wengine kabisa. Kipimo hicho hakikuona kitu.

Nikachukua bahasha ya bili ya umeme nikamchorea. Huyu alianza na 171, akaishia 165. Huyu alikuwa 138, akafika 133. Huyu 152, sasa 146. Kila mmoja kashuka tano au sita. Lakini kati ya mtu na mtu pana tofauti ya zaidi ya thelathini, na ukiwachanganya wote, ule mshuko mdogo unamezwa na tofauti hiyo kubwa. Mlinganishe kila mtu na yeye mwenyewe, na tofauti ya mtu na mtu inaondoka. Unabaki na safu moja tu ya namba: kushuka 6, kushuka 5, kushuka 6. Unachouliza sasa ni kama namba hizi zimekaa mbali na sifuri kiasi cha kutosha. Hicho ndicho kipimo cha t cha jozi, na programu yake anayo.

Kwa hiyo kabla ya mchoro wowote mimi huuliza mambo machache. Ulichoandika kwa kila mtu ni kiasi, kama kilo au dakika, au ni fungu, kama alipona au hakupona? Ukiwa na mafungu unahesabu vichwa, na kipimo chako ni kai-skwea, aliyoitoa Karl Pearson wa University College London mwaka 1900. Ukiwa na kiasi unalinganisha wastani: kipimo cha t kwa makundi mawili, ANOVA yakiwa matatu au zaidi. Je, ni watu walewale mara mbili au ni watu tofauti? Na namba zimekaaje? Chukua dakika za kusubiri daktari. Wengi watasubiri nusu saa, mmoja atasubiri saa tisa, na huyo mmoja atauvuta wastani wa wote. Hapo Mann-Whitney inafaa zaidi, kwa sababu inawapanga watu kwenye foleni kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho na kuangalia nafasi zao, si dakika zao.

Kipimo cha t chenyewe kina historia karibu na kwangu. Aliyekibuni, William Sealy Gosset, aliajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin mwaka 1899. Shida yake ilikuwa ya mtu wa kazi: shayiri na hops hupimwa kwa sampuli chache, nne au sita, na hesabu za wakati ule zilitaka sampuli nyingi. Kwa sampuli chache, mtawanyiko wenyewe unaukadiria bila uhakika, kwa hiyo ni lazima uongeze tahadhari, na Gosset ndiye aliyeonyesha ni tahadhari kiasi gani. Aliichapisha kazi hiyo mwaka 1908 kwa jina la "Student", kwa kuwa kampuni haikuruhusu wafanyakazi wake wachapishe kwa majina yao. Mwishoni mwa 1935 alihamia London kusimamia kiwanda kipya cha Park Royal, upande wa kusini wa Wembley, si mbali na hapa ninapoandika. Alifariki Oktoba 1937. Kiwanda kilifungwa 2005 na majengo yake yamebomolewa. Bia mimi sinywi, lakini hesabu ya mtu yule naitumia kila wiki, na kila nikipita Park Royal namkumbuka.

Tulikuwa bado na bahasha yetu mezani mzee jirani alipobisha hodi. Anakaa ghorofa ya chini. Ni Mgujarati wa Kisumu, aliyeingia Uingereza mapema 1968, kabla ya sheria ya Machi mwaka ule kuwabania mlango Wahindi wa Afrika Mashariki waliokuwa na pasi za Uingereza. Watu wa historia kama yake ndio waliojaza mitaa hii, Queensbury, Kingsbury hadi Wembley, na ndiyo maana mikahawa ya huku inauza muhogo wa kukaanga kwa jina la mogo. Wenyeji wengi hudhani ni neno la Kihindi. Mzee huja Jumamosi kunywa chai na kuzungumza Kiswahili, kwa sababu nyumbani kwake waliobaki hawakijui.

Alionja, akaweka kikombe chini. "Mama, leo sukari umetia kikombeni. Hukuichemsha pamoja na majani."

Kweli, nilitia kikombeni. Binti akasema amebahatisha. Mzee akakataa katakata, akasema sukari iliyochemka na majani na maziwa ina ladha yake, na ulimi wake unaijua tangu dukani kwa baba yake.

Nikaona hapa somo limejileta lenyewe. Kisa kinachofanana nacho sana kilitokea miaka ya 1920 huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Harpenden, kaskazini mwa London. Muriel Bristol, mtaalamu wa mwani, alisema anaweza kutambua kama maziwa yalitangulia kikombeni au chai ndiyo iliyotangulia. Ronald Fisher aliyekuwa akifanya kazi naye akaligeuza dai hilo kuwa hesabu: vikombe vinane, vinne vya namna hii na vinne vya namna ile, vipangwe kwa kura, naye achague vinne. Kuna njia 70 za kuchagua vinne katika vinane, na moja tu ndiyo sahihi yote. Asiyejua lolote atapatia vyote mara moja katika 70, yaani 0.014. Ndiyo thamani ya p hiyo.

Tukapika masufuria mawili. Majani kiasi kilekile, maziwa kiasi kilekile, tangawizi imepondwa kwa pamoja ikagawanywa, sukari imepimwa kwa kijiko kimoja. Katika moja sukari ilichemka, katika jingine ilitiwa mwisho na kukorogwa. Nikamimina kwenye chupa mbili za chai zinazofanana, maana niliogopa mzee asije akatambua kwa joto badala ya ladha. Binti akachanganya vikaratasi vinane kwenye bakuli, akavivuta kimoja kimoja kupanga vikombe, mzee akiwa sebuleni amegeukia dirisha. Kati ya kikombe na kikombe alisukutua kwa maji.

Katika vinne alivyosema vimechemshwa, vitatu vilikuwa kweli. Maana yake katika vinane amepatia sita. Tukampigia makofi.

Baadaye binti akakaa kuhesabu. Kupatia vitatu katika vinne kuna njia 16, ongeza ile moja ya kupatia vyote, jumla 17 katika 70. Mtu asiyejua lolote atafika hapo au kuzidi karibu mara moja katika kila majaribio manne. "Basi hajui," akasema.

Nikamzuia hapohapo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoanguka, hata madaktari. Hatukuthibitisha kuwa hajui. Tumeshindwa kumtofautisha na anayebahatisha, kwa vikombe vinane tu. Huenda mzee anajua kweli na vikombe vyetu vilikuwa vichache mno kumpa nafasi ya kuonyesha.

Akaniuliza kama haya yana faida yoyote nje ya chai. Nikamweleza habari ya utafiti uitwao FEAST, ambayo kila mwanafunzi wangu huisikia, na ambayo siwezi kuisimulia nikiwa nimetulia, kwa sababu sehemu yake ilifanyika Hospitali Teule ya Muheza, nilipozaliwa.

Mtoto analetwa hospitali na homa kali. Kiwiliwili kinaunguza lakini miguu ya baridi. Ukibonyeza ukucha ukauachia, damu inachelewa kurudi, sekunde tatu au zaidi. Damu haizunguki vizuri. Kwa miaka mingi madaktari wa nchi tajiri walimtibu mtoto wa namna hiyo kwa dripu ya haraka: maji mengi mshipani ndani ya saa moja. Ilionekana wazi kuwa inaokoa. Lakini katika hospitali zetu, zisizo na mashine za kupumulia wala wodi za wagonjwa mahututi, hakuna aliyekuwa amepima. Kuanzia mwaka 2009 timu iliyoongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto anayefanya kazi Kilifi na Imperial College ya hapa London, ilipima katika hospitali sita: Kilifi upande wa Kenya, Muheza upande wa Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor upande wa Uganda. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura mafungu matatu. Fungu moja lilipewa dripu ya haraka ya maji ya chumvi, jingine ya albumini, na la tatu halikupewa dripu ya haraka. Dawa za malaria, viuavijasumu, damu kwa aliyehitaji na maji ya kawaida yanayoingia polepole, hayo wote walipata.

Ilikusudiwa kufika watoto 3,600. Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikiangalia namba ikapendekeza utafiti usimame. Ndani ya saa 48 za kwanza, katika fungu la albumini walifariki watoto 111 kati ya 1,050. Katika fungu la maji ya chumvi 110 kati ya 1,047. Na katika fungu lisilopewa dripu ya haraka, 76 kati ya 1,044.

Nilimwachia binti azitie mwenyewe kwenye kai-skwea, kwa kalamu. Kuishi na kufariki ni mafungu, kwa hiyo tunahesabu vichwa. Waliopewa maji wote pamoja ni 2,097, waliofariki ni 221. Jumla ya vifo vyote ni 297 kati ya watoto 3,141. Kama maji hayaleti tofauti yoyote, vifo hivyo vingegawanyika kwa kufuata ukubwa wa makundi: karibu 198 kwa waliopewa maji na 99 kwa wasiopewa. Lakini vilivyotokea ni 221 na 76. Kai-skwea haifanyi zaidi ya kuuliza umbali huo kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea ni mkubwa kiasi gani. Akapata karibu 8.65, na mpaka wa 0.05 kwa jedwali la namna hiyo ni 3.84. Thamani ya p ni 0.003.

Akakaa kimya akiitazama ile 221. Nami nilimwacha.

Kisha nikamuuliza inasemaje. "Kuna uhakika wa asilimia 99.7 kwamba maji yaliua," akasema. Sivyo, na kosa hilo limo hata kwenye vitabu. Inasema hivi: kama maji yasingekuwa na athari yoyote, pengo kubwa kiasi hiki au zaidi, kwa upande wowote, lingejitokeza kwa bahati tu takriban mara 3 katika 1,000. Inapima jinsi namba zetu zisivyoelewana na dhana ya kwamba hakuna tofauti. Haisemi pengo ni kubwa kiasi gani, hilo lazima ulitafute mwenyewe. Vifo vilikuwa asilimia 10.5 upande mmoja na 7.3 upande wa pili, yaani kifo kimoja cha ziada kwa kila watoto 31 hivi waliopewa maji. Hatari iliongezeka mara 1.45, na watafiti waliandika mipaka yake, kuanzia 1.13 hadi 1.86. Mimi huisoma mipaka hiyo kabla ya thamani ya p, kwa sababu hata mwisho wake wa chini bado uko upande wa madhara.

Sasa fikiria uamuzi wa kuchagua kipimo, uliofanywa kabla ya mtoto wa kwanza kupimwa. Karibu kila mtu alitegemea maji yaokoe. Kuna kipimo cha upande mmoja, kinachouliza "je, maji yanapunguza vifo?" na basi. Mtu mwenye uhakika hukipenda, kwa kuwa kinampa ushindi kwa urahisi zaidi. Kwa namba hizi, kipimo hicho kingejibu tu kwamba hakuna dalili ya kupunguza vifo, na vile vifo vya ziada visingekuwa na mahali pa kusemea. Kipimo cha pande mbili huuliza kama kuna tofauti, iwe ya heri au ya shari. Na ukitegemea macho ya wodini ungedanganyika, maana saa moja baada ya dripu kuanza, waliopewa maji ndio wengi zaidi ambao dalili za mshtuko zilikuwa zimewaondoka. Walionekana wana nafuu.

Kuna jambo nalisema kwa kila anayesikia kisa hiki, na hapa naliandika kwa ajili ya wazazi. Watoto wenye kuhara walitengwa, hawakuwa ndani ya utafiti huu. Mtoto anayeharisha amepoteza maji na anahitaji kurudishiwa. Mpe maji ya ORS na umwahishe hospitali. Matokeo ya FEAST ni ya mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, katika hospitali za namna ile. Kujua matokeo yanamhusu nani ni sehemu ya kuyasoma, sawa na kujua p.

Albumini na maji ya chumvi je? Asilimia 10.6 na 10.5, hakuna tofauti iliyoonekana. Hapa, tofauti na chai ya mzee, kila upande una watoto zaidi ya elfu moja, kwa hiyo ule ukimya una uzito wake.

Tulirudi kwenye ile 0.04 yake usiku umeingia. Mpaka wa 0.05 ulienea kupitia kitabu cha mwaka 1925 cha Fisher, aliyeuona unafaa kwa kazi. Haukushuka mbinguni. Ukipima mambo 20 yasiyo na ukweli wowote ndani yake, uwezekano wa angalau moja kuvuka mpaka huo ni asilimia 64. Aliyejaribu vipimo vitano akachukua kilichompendeza hajapima, amechagua. Binti hakubisha. Alifuta majibu yote matano, akaandika juu ya ukurasa kwamba watu ni walewale 12, kwamba atapima tofauti ya kila mmoja kwa kipimo cha t cha jozi, cha pande mbili, ndipo akafungua programu.

Mzee alipokuwa akiondoka alisimama mlangoni. "Mama, nipimeni tena. Lakini vikombe viwe vingi."

"Vingapi, babu?" binti akauliza, kalamu mkononi.

Binti akahesabu palepale, amesimama. Vikombe 12, sita kwa sita: njia 924. Mzee akikosea kimoja tu katika sita vyake, kuna njia 36, na ile moja ya kupatia vyote, jumla 37. Ni 0.04. Kwa hiyo akikosea kimoja anakubaliwa, akikosea viwili hakubaliwi. Binti akayaandika hayo yote kwenye karatasi, akatia tarehe, mzee akatia sahihi chini yake, tukaibandika kwenye mlango wa friji. Sukari bado iko kabatini.